Picha Iliyolala Chali

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja asubuhi, na ofisi ilikuwa inafunguliwa saa tatu. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu: treni huenda ikakwama, theluji huenda ikazidi, mimi mwenyewe huenda nikapotea ndani ya jengo. Hakuna hata moja lililotokea. Nikasimama kwenye mlango wa nyuma wa makumbusho, hapa hapa Toronto, nimeshika bahasha yenye cheti changu cha historia ya sanaa, ili mlinzi akikiulizia nisihangaike kukitafuta. Hakukiulizia. Aliniuliza kama nimekunywa chai.

Ninyi wadogo zangu mnaoniuliza kila tukikutana kwenye shughuli, "Hivi kule ulikuwa unafanya nini hasa?", jibu lenu ni hili. Kwa miaka tisa, kuanzia katikati ya miaka ya elfu mbili, nilikuwa msaidizi wa msajili. Msajili wa makumbusho hasajili vizazi wala vifo. Anasajili vitu: kimetoka kwa nani, kinakwenda wapi, na kikifika kiko katika hali gani. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuandika ripoti ya hali. Mtu akikodi gari, kabla hajaliondoa hulizunguka pamoja na mwenye gari, wakaandika kila mkwaruzo ili baadaye wasigombane. Sisi tulivifanyia hivyo vitu vilivyochorwa.

Msajili Mkuu alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya kamba shingoni. Asubuhi ile kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuninyang'anya kalamu.

"Wino hauingii ghalani," alisema. "Penseli tu. Penseli ikiteleza, tunafuta. Wino ukiteleza, tunaandikiana barua na wanasheria."

Kisha akanipa tochi, akalaza mezani picha ya bwana mmoja mwenye masharubu, akazima taa za chumba. "Mulika kutoka ubavuni," akasema. "Usimulike usoni. Mulika kama jua linavyochomoza."

Nikainamisha tochi. Wallahi nilipiga ukelele. Uso ule uliokuwa bapa kama sahani uligeuka nchi nzima! Penye paji palikuwa na mabonde, puani palikuwa na mlima, na alama za brashi zilipita shavuni kama matuta ya shamba.

"Umeona nini?"

"Milima, Mama!"

"Vizuri. Sasa andika mlima una nyufa ngapi." Halafu akanishika bega. "Andika unachokiona. Usiandike unachokiogopa. Ukilishika hilo, mengine utayajua polepole."

Jioni nilimsimulia mama yangu, nyumbani kwetu Crescent Town, nikiwa bado nimevaa koti. Akaendelea kukuna nazi.

"Kwa hiyo wanakulipa kutafuta kasoro?"

"Ndiyo, mama."

"Si wangenichukua mimi. Nimeishi na baba yako miaka thelathini."

Miaka miwili ya kwanza nilipangiwa ghalani, chini ya ardhi, ambako hewa hupimwa unyevu kila saa na hakuna anayeruhusiwa hata kutafuna jojo. Baadaye nikahamishiwa kitengo cha usafirishaji, nikasindikiza makasha. Kasha la picha ni sanduku la mbao lenye sponji ndani, na likifika mahali halifunguliwi siku hiyo hiyo. Linaachwa siku nzima lizoee hewa ya chumba, maana picha iliyotoka kwenye baridi ikifunguliwa ghafla kwenye joto hutoa jasho kama mtu. Nilikuwa na siku za raha kupita kiasi katika kitengo kile. Kulifungua kasha lolote kulinipa furaha ya mtoto na zawadi yake, hata kama ndani nilikuta picha ya meya aliyenuna.

Mwaka wa tano Msajili Mkuu akaniita ofisini. Makumbusho yalikuwa yanaandaa maonyesho ya mchoraji mmoja wa nyuso, Mhungaria aliyefanyia kazi Toronto karibu maisha yake yote: picha hamsini na mbili katika vyumba vitatu. "Utakwenda kwake ukakague zote," alisema. "Wewe peke yako." Nilisema ndiyo kabla sijapata nafasi ya kuwaza. Nilikuja kuwaza ndani ya treni, vituo kumi na vinne.

Mzee Laslo alikuwa na karakana yake juu ya duka la fundi viatu. Alifungua mlango akiwa na brashi mdomoni.

"Wewe ndiye umekuja kuhesabu makunyanzi yangu?"

"Ya picha, Mzee."

"Ni yale yale. Ingia."

Niliingia, nyuso hamsini zikanigeukia. Sitasahau! Upande mmoja aliweka zile alizoziita picha za mkate: majaji, wakuu wa vyuo, wakurugenzi wenye minyororo ya saa, watu waliomlipa ili watundikwe kwenye kumbi. Upande wa pili walikuwa watu wake mwenyewe: fundi viatu wa chini, dereva wa basi, muuguzi aliyesinzia na viatu miguuni. Alikuwa ameikimbia nchi yake akiwa kijana, vifaru vilipoingia Budapest, na alichovuka nacho mpaka kilikuwa brashi sita ndani ya soksi. Tatu kati yake alikuwa bado anazitumia. Alinikatia mkate wa kuviringisha wenye mbegu nyeusi ndani, nikaula nimesimama mbali na picha, nikikinga makombo kwa kiganja.

Picha ya hamsini na mbili ilikuwa kwenye egemeo lake la miguu mitatu, katikati ya chumba. Alikuwa mwanamke mzee mwenye gauni la buluu, kichwa kimegeuka kidogo kuelekea dirishani. Rangi yake ilikuwa nene kuliko picha yoyote niliyowahi kumulika. Shavuni unene wake ulifika upana wa kidole.

"Huyu Filomena," alisema. "Mtu wa kwenu."

"Wa kwetu wapi, Mzee?"

"Tabora."

Nusura niangushe tochi: Tabora ya kwetu Tanzania!

Akanieleza. Filomena alikuwa karani katika ofisi ambayo yeye aliitwa kumchora mkurugenzi. Mkurugenzi hakumvutia, karani ndiye aliyemvutia. Tangu hapo, kila mwaka baada ya Pasaka, Filomena alikuja akakaa kitini siku tatu, na Mzee Laslo akamchora upya juu ya turubai lile lile, sura ya mwaka huu juu ya sura ya mwaka jana. Miaka ishirini na miwili. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumruhusu aione.

"Kwa nini, Mzee?"

"Sijamaliza."

Makumbusho hutaka hati ya ridhaa, yaani karatasi ambayo aliyechorwa, kama yu hai, anatia saini kukubali uso wake uonyeshwe. Kwa hiyo wiki iliyofuata nilikwenda Etobicoke, ghorofa ya tisa, kwa Anti Filomena. Alikuwa Mgoa, wa asili ya Goa kule India, mjane, mzaliwa wa Tabora, binti wa karani wa reli. Nilipomwamkia kwa Kiingereza alinikatiza.

"Mwanangu, kwenye simu umesema unaitwa Neema. Hebu niamkie vizuri."

"Shikamoo, Anti."

"Marahaba! Sasa pita, vua viatu, zulia jeupe hili."

Alipoichukua hati akaileta puani, akaisogeza pembeni, akaipindua kama anainusa. Aliona ninamtazama.

"Macho," alisema. "Katikati kumeingia ukungu. Wewe hapo nikikutazama usoni naona masikio. Daktari anasema katikati patazidi kwenda, pembeni patabaki." Akaiweka hati mezani. "Saini nitatia. Ila na mimi nina langu. Miaka ishirini na miwili nimekalia kile kiti chake kigumu, na hajanionyesha hata ukucha. Marehemu mume wangu alikuwa akisema yule Mhungaria anachora ng'ombe. Nataka nimuone yule mwanamke kabla sijashindwa kuona. Maonyesho lini?"

"Baada ya miezi minne, Anti."

"Nitawahi. Lakini iwe karibu, hivi." Akaweka kiganja chake mbele ya pua. "Ukinisimamisha nyuma ya kamba, utakuwa umenileta kutazama ukuta."

Nikamwahidi. Kwenye treni nilikuwa na furaha hata nikapitiliza kituo.

Na kwa sababu nilikuwa nimeahidi, nikaogopa. Nilirudi karakana na tochi, rula na kioo cha kukuzia, nikaikagua picha ile siku mbili nzima ili pasiwe na kitu kitakachoizuia. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo. Hukauka kuanzia juu kwenda ndani, na ikiwa nene hufanya ngozi juu huku ndani ikibaki laini, kama uji uliopoa. Hapa kulikuwa na uji wa miaka ishirini na miwili. Nikaandika kila nilichokiona, kisha nikaandika kila kinachoweza kutokea: huenda shavu likateleza, huenda ngozi ya paji ikapasuka, huenda joto la taa likalegeza kidevu. Ripoti ya kawaida ina maelezo manane au kumi. Yangu ilikuwa na sitini na matatu. Niliikabidhi kwa fahari kubwa.

Siku ya tatu Mhifadhi, yule mtaalamu anayetibu picha zilizoharibika na mwenye sauti ya mwisho kuhusu nini kitundikwe, aliirudisha na mstari mmoja juu yake: isitundikwe.

Msajili Mkuu aliniketisha, akafungua ripoti.

"Umeandika 'huenda' mara thelathini na moja," alisema.

"Ndiyo, Mama, maana..."

"Mvua huenda ikanyesha. Mimi huenda nikaolewa tena. Mhifadhi anasoma hali ya picha, na wewe umemsomea hali ya moyo wako. Angefanya nini?"

"Picha yenyewe ni nzima, Mama."

"Mimi najuaje? Haimo humu."

Sikulia mbele yake. Nilipanda treni moja kwa moja hadi kwa Mzee Laslo, nikiandaa maneno ya kuomba radhi, na nilipofika juu ya zile ngazi maneno yote yakaniruka. Nikamwambia tu: picha ya Anti imekataliwa, na ni kwa sababu yangu.

Hakufoka. Alifuta brashi kwa kitambaa. "Wamekataa kwa nini?"

"Wanaogopa ikisimama itateleza."

"Wana haki," alisema. "Ikisimama, itateleza."

Nikageuka kuitazama. Egemeo lilikuwa tupu. "Mzee, iko wapi?"

"Imelala." Akaelekeza brashi juu ya kabati. Picha ilikuwa chali, uso juu, imefunikwa shuka juu ya vijiti vinne ili kitambaa kisiguse rangi. "Mwalimu wangu wa Budapest alinifundisha hivyo: rangi mbichi hulala chali. Husimama Filomena anapokuja, siku tatu, inarudi kulala. Siku zile ulizokuja niliisimamisha kwa ajili yako."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuja na tochi. Hukuja na swali."

Siku mbili nimeipima picha ile mpaka ukingoni, na sikuwahi kumuuliza mwenyewe anaiweka vipi! Niliomba kiti, nikapanda, nikamulika pale pale juu ya kabati. Katika miaka yote hiyo shavu halikuwa limesogea. Kulikuwa na nyufa mbili ndogo kwenye gauni, vumbi kwenye kona, na msumari mmoja wa kukazia turubai wenye kutu. Ripoti mpya ilikuwa na maelezo kumi na moja, na "huenda" haikuwemo hata moja. Chini yake niliandika pendekezo: picha ionyeshwe ikiwa imelala, juu ya meza.

Kikao kilikuwa cha watu wanne. Msimamizi wa Maonyesho, bwana mrefu aliyepanga kila ukuta kwa sentimita, alishika kichwa.

"Meza? Hii ndiyo picha kubwa ya maonyesho yote! Watu hawaji makumbusho kuinamia meza."

"Watainama," alisema Msajili Mkuu.

"Picha hutundikwa, katikati yake ikiwa usawa wa macho. Ndiyo kanuni!"

Nikasikia sauti inatoka, nikagundua ni yangu. "Usawa wa macho ya nani, Bwana? Aliyechorwa ana miaka themanini na moja na haoni kitu kisipokuwa kiganja kimoja kutoka puani. Ikiwa ukutani, watu wote wataiona isipokuwa yeye."

Mhifadhi akafunga jalada. "Ikilala," alisema, "sina neno."

Tuliisafirisha bapa, kasha likibebwa na wanaume wanne kama mgonjwa. Likakaa siku nzima kwenye chumba cha tatu, likizoea hewa. Asubuhi ya siku ya ufunguzi tukaifungua, tukailaza kwenye meza nyeusi isiyofika kiunoni, na kiti kimoja pembeni. Wageni wangeingia saa kumi. Saa nne, Mzee Laslo akaja ndani ya suti, amemshika mkono Anti Filomena, aliyevaa gauni la buluu. Mimi nilikuwa na ripoti ya mapokezi mkononi. Hii ndiyo inayothibitisha kwamba kitu kimefika salama, na msaidizi akishaitia saini, kitu hicho kiko chini ya ulinzi wa makumbusho na hakiguswi na yeyote.

Anti akaketi. Akainama hadi pua ikawa shubiri moja kutoka kwenye rangi, akaanza kuisoma picha kuanzia nywele, polepole, kichwa kikiwa kimegeuka upande ili aitumie pembe ya jicho. Mzee Laslo alisimama nyuma yake, amekunja mikono, akipumua kama aliyepanda ngazi.

"Nilikuwa mnene hivi?" alisema Anti.

"Hiyo ni rangi," alisema Mzee Laslo.

"Paji la baba yangu hili. Tazama! Paji la baba." Akacheka, huku machozi yakimdondoka, nami nikawahi kumpa leso kabla hayajafika kwenye picha. Akaendelea. Jicho, pua, mdomo, sikio. Akakomea hapo. Akarudi nyuma kidogo, akainama tena.

"Laslo. Hereni yangu moja iko wapi?"

"Hereni gani?"

"Ya kushoto! Za mama yangu hizi, nimezivaa kila mwaka. Ya kulia umeichora. Huku umeniacha sikio tupu kama mtu aliyeibiwa."

Nikasogea kutazama. Ni kweli. Tochi, rula, kioo cha kukuzia, maelezo sitini na matatu, na sikuwa nimeona kwamba mwanamke ana hereni moja.

Mzee Laslo aliinama akatazama. Kisha mkono wake ukaingia mfukoni mwa koti, ukatoka na brashi nyembamba iliyofungwa leso, na vichupa viwili visivyozidi kidole, cha rangi ya njano na cha nyeupe. Akanitazama. Msajili Mkuu, aliyekuwa mlangoni, naye akanitazama.

Ningekuwa mimi wa siku zote ningeanza: huenda Mhifadhi akaingia, huenda nikafukuzwa. Sikuanza. Niliitazama karatasi. Mahali pa saini palikuwa peupe.

"Mzee, sijatia saini," nilisema. "Una dakika kumi. Nikishatia, hata wewe huruhusiwi."

Msajili Mkuu aligeuka akauelekea ukuta. "Huu ukuta," alisema kwa sauti, "umepakwa rangi vizuri sana."

Hakuhitaji hata dakika tatu. Alipaka tone moja la njano, na juu yake nukta ya nyeupe. Akanyoosha mgongo, akaifunga brashi. "Filomena," alisema, "nimemaliza."

"Si ungesema mapema, kwamba ulikuwa unangoja niikague," alisema Anti.

Nikaandika kwa penseli: *Hereni ya kushoto ni mbichi, imechorwa na msanii leo, mbele ya aliyechorwa. Isiguswe.* Nikatia saini. Saa kumi milango ikafunguliwa, na watu wakainama! Kila mmoja aliinama, hata Msimamizi mwenyewe, ambaye jioni ile nilimsikia akimwambia mgeni kwamba wazo la meza lilimjia akiwa bafuni.

Nilistaafu miaka michache baadaye, kama kustaafu ndilo neno lake. Idara yetu iliunganishwa na nyingine, nafasi yangu ikafutwa, nikaondoka nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne, na keki mkononi. Sasa nafundisha vijana wanaoanza kazi hiyo, siku mbili kwa wiki. Mnaotaka kuifuata, ifuateni, inafurahisha kuliko inavyosikika. Tochi mtapewa. Swali mwende nalo wenyewe, na mmuulize mwenye kitu kabla hamjakipima. Na hofu yenu msiiandike kwenye karatasi itakayosomwa na mtu mwingine, maana yeye ataisoma kama habari.

Anti Filomena bado yuko Etobicoke, na picha yake, iliyopelekwa kwake baada ya maonyesho, imelala chumbani mwake juu ya meza ile ile. Haioni tena. Huwa anapitisha kiganja juu yake bila kuigusa, akisema anasikia joto. Mwezi niliostaafu alinipigia simu. "Neema, yule mzee amekaa bure tangu animalize. Baada ya Pasaka nenda ukamkalie."

Nikaenda. Mwaka huu ulikuwa wa tatu. Kiti ni kigumu kama alivyosema. Siku ya kwanza nilikaa nikiwaza mkono niuweke wapi, shingo ielekee wapi, na huko nyuma ya turubai ananifanya nini.

"Acha kukunja uso," alisema Mzee Laslo. "Hayo makunyanzi yote nitayachora."

"Chora, Mzee," nilimwambia. "Kuyahesabu niko likizo."